Debe la Kukalia Kisimani

Shida ilinipata mwaka wa 1984, nikiwa na miaka kumi na minane. Ya kabla ya hapo sitayaandika. Kila mtu alizaliwa mahali na kila mtu alinyonya, hakuna habari hapo. Shule nilifika darasa la tatu nikatoka, na sikufukuzwa. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko watoto wa kuwachunga. Mwaka huo ng'ombe nao wakaisha, nikabaki sina shule na sina ng'ombe. Mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetudanganya, na ya Machi haikujisumbua hata kudanganya. Milima yetu ya Kola ilibaki na rangi ya ngozi ya punda. Jina langu ni Wambua, na mtu yeyote wa Ukambani anajua kwamba jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Basi nikipita sokoni watu wananiita, “Wambua, mvua umeiacha wapi?” Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikawa napitia nyuma ya maduka.

Ninaandika haya kwa sababu ya neno moja nililoitwa mwaka jana kwenye mazishi ya Makau, mtu niliyefanya naye kazi ujanani. Mjukuu wangu Mwende alinipeleka kwa gari lake. Anafanya kazi ya ofisi huko Syokimau na ana haraka ya watu wa Syokimau, kwa hivyo tulifika mapema, hata viti havijapangwa. Nikashuka ninyooshe miguu. Niliporudi nilimkuta amekaa wima nyuma ya usukani, macho yamefungwa, mikono juu ya mapaja, na simu mbele yake inaongea Kizungu kwa sauti ya mwanamke anayebembeleza mtoto. Nilidhani amezimia. Nikagonga kioo.

“Mwende! Unaumwa?”

“Ai, Babu! Umenishtua. Nilikuwa natulia tu.”

“Unatulia na nani? Huyo anayeongea ni nani?”

“Ni apu, Babu. Inakuelekeza. Unavuta pumzi, unaiachilia, unaiangalia tu. Kidogo kidogo kila asubuhi. Kazini presha ni mob, ukikosa kitu kama hii unapasuka.”

“Na ukimaliza?”

Akanionyesha simu. Ilikuwa imemchorea nyota na kumpongeza. Mtu mzima anapongezwa na simu kwa kupumua. Kile alichokuwa akifanya mimi nimekifanya tangu kabla mama yake hajazaliwa, na kabla sijapata maneno ya kumwambia, mwanamke mzee mwenye leso ya kijani akatoka jikoni kwa kina Makau, akaniangalia, akapiga kofi. “Goti! Si huyu ni Goti? Kumbe ungali hai?” Nilimsalimu. Wengine waliosikia wakacheka, wale wa rika letu. Mwende akanishika mkono. “Babu, Goti ni nani?” Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu mazishi si mahali pake, na kwa sababu mtu aliyekuwa akiisimulia hadithi hiyo kila mara alikuwa ni Makau, na aliisimulia kwa uongo.

Mwaka ule kazi ilikuwa moja tu huku kwetu, kuchimba visima. Aliyekuwa na mbuzi wa mwisho alimuuza ili achimbiwe. Mzee Nzioka alitoka upande wa Kangundo na kamba zake za mkonge amezivaa shingoni kama shanga, mtu mfupi, mkavu, mwenye masikio makubwa. Alinikuta nyuma ya maduka nilikokuwa nikijificha na jina langu. Akanitazama mabega, kisha kiuno, kama anayenunua ng'ombe.

“Unaogopa giza?” akaniuliza.

“Siogopi kitu, mzee.”

“Basi sikutaki,” akasema, akaondoka. Nilisimama pale. Njaa ni mwalimu mkali kuliko yule wa darasa la tatu. Nikamkimbilia mpaka karibu na bucha, nikamwambia naogopa nyoka. Hakugeuka. “Njoo kesho,” akasema, “na usivae viatu.”

Nikawa mtu wa tatu. Yeye Nzioka alikuwa mkuu, na Makau, aliyenizidi miaka michache na mdomo mara kumi, alikuwa wa kamba. Kazi yenyewe haina siri. Mmoja yuko chini na sururu na mtaimbo, wawili wako juu kwenye gogo la kuzungushia kamba, wanapandisha udongo kwa debe. Lakini kabla ya mtu kushuka kulikuwa na mambo mawili. La kwanza, Nzioka aliwasha koroboi na kuishusha kwa kamba mpaka chini. Ikizimika, hewa ya shimo ni mbaya na hakuna anayeshuka. Hilo kila mchimbaji alilifanya. La pili sijaliona kwa mchimbaji mwingine. Yule wa kushuka aligeuza debe lake kifudifudi kwenye mdomo wa kisima, akakaa juu yake, akafumba macho, akatulia. Hakuna aliyemsemesha, wala kupita mbele yake, hata mwenye shamba. Akiwa tayari alisimama, akageuza debe mdomo juu, na hilo hilo ndilo aliloshuka nalo kwenda kujaza udongo. Akiona hayuko tayari, alisimama akaliacha vile vile kifudifudi, akaenda upande wa kamba, na mwingine akaja kukaa. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Siku hiyo, mwezi huo, wala miaka baadaye. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na Nzioka alimfukuza mtu kazi kwa kuivunja kabla yangu; ndiyo sababu nafasi ilikuwapo.

Siku ya kwanza aliponiambia niketi nilimuuliza, “Nifanye nini hapo?”

“Usifanye.”

“Niombe?”

“Ulipoamka hukuomba? Basi. Hapa humwombi mtu kitu. Sikiliza pumzi ikiingia puani na ikitoka. Akili itakimbia. Ifuate, uirudishe kama mbuzi, bila kuipiga. Itakimbia tena. Irudishe tena.”

“Mpaka lini?”

“Koroboi inapima shimo,” akasema Nzioka. “Debe linapima mtu. Ukipumua juu juu huko chini, utamaliza hewa ya watu watatu na utapiga mtaimbo mahali usipopaswa. Utajua lini.”

Sikujua lini. Siku za kwanza nilikaa pale nikiwaza ugali. Si ugali kwa jumla; ugali mmoja, nilioula Krismasi ya miaka miwili nyuma, na pua yangu iliukumbuka kuliko ilivyosikiliza pumzi. Halafu inzi. Halafu matako, maana chini ya debe kuna ukingo unaokata. Nilifungua jicho moja nikamwona Makau ananichekea kimya kimya, mabega yakitikisika. Naye Makau hakuwa bora. Kuna asubuhi alikaa, akatulia vizuri sana, tukamsifu moyoni, kisha akakoroma. Nzioka alimrushia donge la udongo. Lakini kazi ya kila siku ina tabia yake. Baada ya muda, mahali fulani kati ya koroboi na kamba, nilianza kusikia kitu kikishuka ndani ya kifua, kama vumbi linavyotua barabarani baada ya gari kupita. Vumbi halijaondoka, liko pale pale, ila sasa unaona njia. Sijapata maelezo bora kuliko hayo na simu ya Mwende pia haijapata.

Kisima chenyewe kilikuwa kwa Mama Kalondu. Alikuwa mwanamke mrefu wa sauti nzito, mume amekufa zamani, mwanawe yuko Mombasa kwenye kazi ya kubeba magunia, na nyumbani amebaki yeye na mke wa mwanawe, Ndinda, na mtoto mdogo wa Ndinda aliyekuwa ndio kwanza anashika ukuta kusimama. Tulilazwa ghalani kwake, kwa sababu ghala halikuwa na kazi nyingine. Lilibaki na harufu tu ya mahindi ya mwaka mwingine, na ukilala chali unaona alama ukutani pale magunia yalipofikia. Ukuta wa ghala ulikuwa pia ukuta wa jikoni, fito na udongo, na udongo ulikuwa umedondoka, kwa hivyo tulijua mambo yote ya nyumba ile. Tulijua chumvi imeisha. Tulijua Ndinda anaona mkwewe ananyima, na mkwewe anaona Ndinda anapika kama bado ni mwaka wa mvua. Chakula kilikuwa muthokoi wa mahindi ya njano ya msaada, tuliyoyaita mwolyo. Ndinda aliyatwanga kwenye kinu mpaka ganda likatoka, akayachemsha tangu asubuhi na kunde chache zilizohesabika kwa macho. Yalinuka kama gunia. Tuliyala kwa heshima kubwa. Makau alikuwa akisema, “Ndinda, hii kunde yangu inaogopa kuwa peke yake, iletee mwenzake,” na Ndinda anamjibu, “Hamia kwenye sahani ya Wambua, huko wako wawili.”

Tulichimba udongo mwekundu, tukachimba changarawe, tukaingia kwenye mwamba laini unaong'aa ambao Nzioka aliuonja kwa ulimi. Kisha kilichopanda na debe kikaanza kuwa kizito na baridi. Habari zilienda. Wanawake wa jirani wakaanza kuja asubuhi na mitungi yao, wanaipanga mstari kando ya uzio, wanakaa kungoja, kama wanaongoja mtu mashuhuri. Maji waliyokuwa wakitumia yalikuwa ya kuchimba mchangani mtoni, mbali, shimo moja kwa watu na mbuzi.

Jioni moja, mimi niko chini, jiwe la ukubwa wa kichwa lilichomoka ukutani juu yangu. Lilipita sikioni. Nilisikia upepo wake kabla sijalisikia likitua. Nikaendelea kuchimba, nikapandishwa, nikala, nikalala, sikumwambia mtu. Asubuhi ilikuwa zamu yangu tena. Koroboi ilishuka ikarudi inawaka. Nikageuza debe, nikakaa, nikafumba macho, na pumzi ikakataa. Niliirudisha kama mbuzi, ikaruka. Nikairudisha, ikaruka. Goti langu la kulia likaanza kucheza peke yake, likigonga debe, kidogo, ta-ta-ta, na nilikuwa na hakika wanawake wote kwenye uzio wanalisikia. Nilikaa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa. Mwishowe nikasimama, nikaliacha debe kifudifudi, nikaenda kwenye kamba.

Nzioka hakunitazama. Makau akakaa, akatulia, akageuza debe, akashuka. Kabla ya saa sita alipiga kelele huko chini hata ndege wakaruka, na debe likapanda lina tope linalochuruzika. Kesho yake maji yalifika magotini, na siku iliyofuata kiunoni, safi, baridi. Na hakuna mtu aliyechota.

Kosa hili lingeweza kufanywa Ukambani tu. Kwetu mtu anayekaa chini akafumba macho mbele ya watu, akanyamaza sana, kisha akasimama akakataa jambo, ni mtu wa aina moja. Ni mundu mue, yule anayepigiwa hodi na wenye matatizo, mwenye kibuyu chake na kokoto za kubashiria. Wanawake wa uzioni walikuwa wamenitazama asubuhi nzima. Waliona nimekaa, wakaona nimefumba, wakaona nimekataa kisima. Kufikia jioni habari ilikuwa imevuka mlima: kijana wa Nzioka ameona kitu mle ndani. Wengine wakasema nyoka mwenye nywele. Wengine wakasema majini yaliyoletwa kutoka Mombasa, kwa sababu mwana wa Mama Kalondu yuko Mombasa, na kwa akili ya mwaka ule hilo lilitosha. Mitungi ikaondolewa mstarini.

Makau alifurahi kama mtu aliyepewa ng'ombe. “Wambua, umekuwa mganga bila hata kununua kibuyu! Mimi nimechota maji, wewe umeyalaani, tugawane kazi.” Siku hiyo hiyo mama mmoja alinifuata nyuma ya ghala, amebeba kuku amemfunga miguu.

“Mwanangu, ndama wangu amepotea siku nyingi. Tulia kidogo unitazamie.”

“Mwaitu, mama yangu, mimi si mundu mue.”

“Wote husema hivyo mwanzoni.”

“Mimi nachimba tu.”

“Ndiyo, ndiyo,” akasema, anaweka kuku chini taratibu, kama anayeogopa kuniudhi. Kuku yule sikumrudisha. Makau alikuwa amemchinja kabla sijamaliza kukataa.

Nitasema ukweli hapa kwa sababu nimezeeka na hakuna wa kunifanya kitu. Ilikuwa tamu. Mimi niliyepitia nyuma ya maduka, sasa nikipita watu wanashusha sauti. Hakuna aliyeniuliza mvua iko wapi, waliogopa nitawajibu. Na ule uganga, mwaka wa njaa, ni kazi ya kivulini, na mlo wake una mifupa. Upande wa pili kulikuwa na nini? Kusimama mbele ya wanawake na wasichana wa vijiji vyote vile na kusema goti langu lilitetemeka. Kijana wa miaka kumi na minane angeona heri kurudi shimoni na kufukiwa.

Kilichonitoa hapo ni ukuta. Nilikuwa ghalani mchana, nimejilaza, nikasikia upande wa jikoni mtoto wa Ndinda analia kile kilio kidogo cha mtoto aliyeishiwa na nguvu za kulia. Alikuwa anaharisha, siku kadhaa sasa.

“Mwaitu,” Ndinda akasema, “maji yako pale. Nikisimama hapa nayasikia. Wacha nichote hata kikombe, nichemshe.”

“Umpe mtoto wa mwanangu kitu ambacho mwanamume mwenye mikono miwili alikikimbia?”

“Haya ya mtoni ndiyo yanamuua.”

“Ya mtoni tunajua ubaya wake, ni mavi ya mbuzi. Haya hatujui ubaya wake.” Kijiko kikakwangua sufuria. Kisha Mama Kalondu akasema, na sauti ile nzito ilikuwa imechoka, “Jumamosi nitaita vijana wakifukie. Mbuzi wangu wote wameliwa na hilo shimo. Basi lile na udongo, lishibe.”

Nilimwendea Nzioka. Alikuwa anapaka kamba mafuta, ukoko wa mwisho wa mafuta ya ng'ombe, na hakuinua macho.

“Mzee, watu hawa waambie hakuna kitu kisimani.”

“Mimi nitajuaje? Kwani nilikaa kwenye debe lako?”

“Unajua hakuna kitu.”

“Najua shimo liko sawa. Koroboi iliniambia. Yaliyokuwa juu ya debe ni yako, na niliapa sitakuuliza.” Akavuta kamba kati ya vidole. “Lakini sheria yangu ni kwamba wewe hutaulizwa. Sikuwahi kuweka sheria ya kukuziba mdomo.”

Siku ya kufukia, vijana walikuja na majembe, na wanawake wakaja kutazama, maana watu hutazama kinachozikwa. Nilichukua debe, nikaligeuza kifudifudi mdomoni mwa kisima, nikakaa. Minong'ono ikakatika. Nilifumba macho na goti likaanza tena, ta-ta-ta, safari hii si kwa sababu ya jiwe. Sikulishika. Nililisikiliza jinsi nilivyofundishwa kusikiliza pumzi, likicheza, na pumzi ikiingia na kutoka juu yake. Halikuacha kutetemeka. Hilo Makau alikuwa akilisimulia vibaya, eti nilitulia kama jiwe. Sikutulia. Nilikaa nalo tu mpaka nikaona ninaweza kusimama likiwa linatetemeka. Nikasimama.

“Siku ile sikuona kitu,” nikasema. “Jiwe lilinikosa jioni iliyotangulia. Nikaogopa. Goti hili hapa lilikuwa linatetemeka, na sasa hivi linatetemeka, lioneni. Hakuna nyoka. Hakuna majini. Ni uoga, na ni wangu.”

 Kisha yule mama wa ndama akauliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, “Na kuku wangu?”

Walicheka. Sijawahi kusikia watu wenye njaa wakicheka vile. Walishikana, wakakaa chini, vijana waliegemea majembe. Mtu akaita, “Goti!” na wote wakaitikia. Katikati ya kicheko nikageuza debe mdomo juu, nikaingia kwenye kamba, nikamwambia Makau ashushe. Makau naye alikuwa anacheka hata kamba ikashuka kwa mirukoruko, na ile njia nzima nilimtukana. Chini nilisimama kwenye maji mpaka kifuani. Nikainama nikanywa, nikanywa mpaka tumbo likauma, kisha nikajaza debe, nikavuta kamba.

Waliniambia baadaye kwamba debe lilipofika juu Mama Kalondu alilishika kwa mikono yote miwili na kumzuia Ndinda kwa kiwiko. “Mimi kwanza,” alisema. “Kama ni uoga, uoga hauui mtu kwa kunywewa.” Akanywa, akangoja, watu wote wanamtazama tumbo. Akafuta mdomo. “Baridi,” akasema. Kisha akamgeukia Ndinda: “Unangoja nini? Chemsha.” Yule mwanamke mwenye leso ya kijani kwenye mazishi ya Makau alikuwa Ndinda. Na mwanamume mwenye kitambi aliyekuwa akigawa pilau pale, akipunguza nyama za watu na kuongeza zake, ndiye yule mtoto.

Nilifanya kazi na Nzioka mpaka mvua iliporudi, na baada ya hapo nikaanzisha kikundi changu. Nzioka hakuniaga kwa maneno mengi. Alinipa debe lile, akasema limeanza kuvuja. Tangu wakati huo nimekaa kila asubuhi. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni jambo kubwa, na hapo ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu wanalitafutia siku nzuri na mahali pazuri. Mimi nimelifunga kwenye chai. Naweka sufuria kwenye jiko, nakaa nje juu ya debe, na chai ikichemka nasimama. Kuna asubuhi akili yangu haitulii hata kidogo, inazunguka tu kwenye kesi ya mpaka au kwenye magoti haya ambayo sasa yanatetemeka kwa uzee bila kuogopa mtu. Chai inachemka vile vile, nasimama vile vile. Nimekaa kidogo kabla ya kununua, kabla ya kushtaki, kabla ya kuingia kwa daktari, na mara mbili kabla ya kumpiga mtu, na mara moja kati ya hizo nilisimama nikaenda nikampiga, kwa utulivu. Mchungaji wetu aliwahi kuniuliza ni dini gani hii. Nilimwambia ni debe.

Mwende aliniuliza kama kukaa ndiko kulikonifanya mtu. Hapana. Nilikaa nikiwa maskini na niliposimama nilikuwa maskini bado. Kilichonipa mali ni mtaimbo. Nimejua watu waliotajirika wasiotulia hata siku moja, na Nzioka aliyenifundisha alikufa na kamba zake tu. Kukaa kulinipa kitu kidogo kuliko mali, na sitakipaka rangi: nikiogopa, najua kwamba ninaogopa. Siuiti uoga wangu nyoka mwenye nywele.

Leo niko na shamba la ekari kumi na mbili Kola, hati kwa jina langu. Niko na nyumba ya mawe ya vyumba vitano na mabati yasiyovuja. Niko na lori la maji na jingine bovu. Niko na plot mbili Tala karibu na soko, moja ina maduka, nyingine ina kesi. Ng'ombe saba. Mashine ya kuchimba visima, ambayo haiogopi kitu na kwa hivyo siiamini. Watoto sita waliosoma wote kunishinda. Kisima changu mwenyewe, nilichokichimba kwa mkono. Na debe moja limetoboka, kifudifudi, nje ya mlango wa jikoni. Mwende ameliomba nikifa. Nimemwambia atafute lake, aanze kulikalia sasa.